TAHADHARI: Muuza "programu ya sataranji" kanipiga laki na themanini

Jamani, nimepigwa. Siku nne nimekaa na hili rohoni kwa aibu, maana mnanijua, mimi ndiye huwa nawakemea wengine wasitume hela ovyo.

Jamaa alinikuta Jumamosi moja kwenye mazoezi ya watoto, pale pale petu. Hakuja kama muuzaji. Alivuta kiti, akamtazama mwanangu anavyocheza, kisha akasema polepole, "Kaka, farasi wa dogo wamelala pembeni, hajui kuwatoa." Na kweli walikuwa wamelala! Nikajua huyu mtu ni wa mchezo. Akafungua laptopu, akaingiza mchezo mzima wa dogo, mashine ikaanza kutema namba za nani anaongoza na kwa kiasi gani: +0.8, -1.2, -3.5. Ikaonyesha kwamba hatua ya 19 ndipo alipoharibu mchezo. Nikaganda. Mtu anakuonyesha kosa la mwanao kwa namba, utamkatalia nini?

Elfu tisini, "leseni ya mwaka mzima". Nikatuma kwa simu hapo hapo, hata risiti sikuomba. Wiki tatu baadaye: "Kaka, toleo jipya limetoka, hilo lako litaanza kukosea." Elfu hamsini. Eti programu inachacha kama maziwa, na mimi mtu mzima nikalipa! Kisha elfu arobaini ya "kufungua kina", yaani hatua ngapi mbele programu inachungulia, kwa sababu ilikuwa inagoma kupita kina cha 12. Shemeji akaniuliza, "Hiyo nayo ni ya kujaza kama umeme wa Luku?" Nikamnunia.

Siku nne zilizopita mpwa wangu kaja, kafungua folda, kabofya lile faili, likatoka dirisha jeusi. Akaandika herufi tatu tu, amri ya kuiambia programu ijitambulishe: uci. Jibu: id name Stockfish 16. Lile jina la kifahari juu ya skrini lilikuwa kibandiko tu. Stockfish ni programu ya sataranji ya bure tangu ilipotoka 2008, na matoleo yake mapya ni bure vilevile. Hilo "jipya" aliloniuzia lilikuwa la 2023, na la 17 lilishatoka 2024! Kina nacho ni mpangilio ambao yeye mwenyewe alikuwa ameubana.

Msinielewe vibaya, programu za kulipia zipo, Fritz kwa mfano. Na hata kuuza Stockfish leseni yake inaruhusu, ila lazima uambatanishe leseni hiyo, na msimbo wake (maandishi yanayounda programu) mnunuzi aupate. Mwaka 2021 watengenezaji wake waliishtaki kampuni ya Ujerumani kwa mambo ya leseni hiyo hiyo. Sembuse huyu wa flashi mfukoni!

Dalili? Hela inaingia kwenye namba ya mtu, si ya duka. Ada mpya haziishi. Ukimuuliza nani kaitengeneza, anageuza maneno. Kulikuwa na nyingine, hasira imenisahaulisha.

Huyu asikanyage tena mashindano yoyote. Afikishwe polisi, arudishe hela mbele ya watoto wale wale aliowatumia kama chambo, na laptopu yake ikamatwe! Wazazi wawili wamenipigia tayari, mmoja kalipa mara tano. Kama na wewe umo, usione haya, njoo inbox na ujumbe wa muamala. Jumatatu tunaenda kituoni.