Porini anawashiwa taa na nani? Uzoefu wangu na taa ya kobe

Nyota moja. Najua wengi husoma nyota tu kisha wanapita, basi chukueni hiyo mwende. Mwenye nafasi akae, maana nina hasira ya miezi kadhaa na haijapoa.

Kobe wetu anaitwa Mabati. Jina alipewa na mwanangu siku ya kwanza. Alimgonga mgongoni kwa ukucha, akasikiliza, akasema huyu amejengwa kwa mabati. Ni kobe wa maji, wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho ambao asili yao ni Marekani. Alipofika kwetu alikuwa kama biskuti. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko huko Marekani, tangu 1975, hairuhusiwi kuuza kobe mwenye gamba lisilofika kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuambukizwa salmonela, bakteria wa kuharisha. Wetu alikuwa nusu ya hapo, na mwanangu alishambusu mara nne kabla hatujatoka dukani.

Duka silitaji. Ni la samaki wa mapambo, liko mjini, unapanda ngazi ukimpita fundi wa simu na dada wa kusuka. Nilirudi pale mwaka jana, nadhani ilikuwa baada ya Pasaka, kutafuta taa. Nilikuwa nimesoma kwamba kobe wa ndani ya nyumba anahitaji miale ya UVB, ile ambayo jua humpa bure, la sivyo gamba linaharibika. Kwa hiyo sikwenda kama mjinga. Nilisema kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi wawili na samaki wasiohesabika: nataka taa yenye UVB.

Mwenye duka akashusha kasha kutoka juu ya rafu, akalipuliza vumbi. "Hii ndiyo yenyewe, madam. Hili ni jua ndani ya nyumba."

Shilingi 3,500. Akaniongezea na kifuniko cha kioo cha kuweka juu ya tangi, asije kobe akatoroka, nacho kikawa na bei yake. Nikalipa kwa simu, nikashuka ngazi nikijiona mzazi bora mtaa mzima wa Umoja, Nairobi.

Na nitakuwa mkweli, mwanzoni niliipenda ile taa. Baridi ya Julai ilipoingia Mabati alikuwa anapanda kwenye jiwe lake chini ya ule mwanga, ananyoosha miguu ya nyuma kama mtalii wa Diani, anafumba macho. Nilimpiga picha. Nilimtumia binamu yangu na jina la duka. Binamu, nisamehe.

Kisha jioni moja mwanangu akaniambia, "Mum, Mabati amekuwa laini."

Nikamwambia aache mzaha. Akaniletea. Nikabonyeza ukingo wa gamba kwa kidole gumba, ukabonyea. Ulikwenda chini na kurudi kama kifuniko cha mkebe wa plastiki. Nikamgeuza: kwenye gamba la tumbo palikuwa na doa jeupe, limeingia ndani kidogo, na lilinuka kama samaki wa juzi. Mtoto mdogo huwa na gamba linalolegea kidogo, hilo ni kawaida. Huyu hakuwa mdogo tena. Alikuwa amekaa kwetu zaidi ya mwaka.

Kesho yake nikambeba kwenye sanduku la viatu, tukapanda matatu hadi dukani. Sikwenda kugombana. Naapa. Nilikwenda kuuliza.

Yule mzee alikuwa anakula chapati. Hakuiweka chini. Nikamweleza, nikamwonyesha. Akamtazama Mabati kwa mbali, akatafuna, akameza, kisha akaniuliza swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo:

"Madam, kwani porini anawashiwa taa na nani?"

Wateja wakacheka. Hata mimi nusura nicheke, maana mzee ana ulimi. Nikamjibu kwamba porini kuna jua, na jua ndilo alilosema ameniuzia. Akasema gamba la kobe halijawahi kuugua tangu dunia iumbwe. Akasema nimpake mafuta ya kupikia, litakomaa. Nilipozidi kusimama pale akamalizia: "Kama amekushinda, kamwachilie Uhuru Park, kuna maji mengi." Akarudi kwenye chapati yake.

Kobe huyu yumo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, yaani wale wanaoingizwa pasipo kwao wakawaharibia wenyeji. Mtu anayewauza kila siku anamshauri mteja akamtupe kwenye bwawa la umma, mdomo umejaa chapati!

Nimefika kwenye ngazi nikasikia nyayo. Ni yule kijana anayesafisha matangi. "Anti, pole," akasema kwa sauti ya chini. "Ile taa haina UVB. Ni ya joto tu. Nilishamwambia mzee." Akanielekeza kwa daktari wa mifugo anayekubali kuona kobe, na hilo si jambo dogo Nairobi, wawili niliowapigia kabla walisema wao ni wa mbwa na ng'ombe, mmoja akadhani namtania.

Daktari hakucheka. Alimbonyeza Mabati huku na huku, akaninusisha lile doa, kisha akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kumnunua. Gamba si nyumba anayoibeba kobe. Ni mifupa yake yenyewe, mbavu na uti wa mgongo vimeungana, na juu kuna tabaka la kitu kama kucha zetu. Linahisi. Ukimkwaruza anajua. Na kama mfupa wowote linataka kalsiamu, lakini kalsiamu ya chakula haiingii vizuri mwilini bila vitamini D3, na hiyo D3 ngozi huitengeneza ikipigwa na UVB. Taa yangu ilikuwa inampa joto na mwanga wa kupendeza macho. Basi mwili ulikuwa unakopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa, unakopa tu, haulipi.

Halafu akaniuliza taa iko wapi. Nikasema juu ya kifuniko. Kifuniko cha nini? Cha kioo. Akaniangalia. UVB haipiti kwenye kioo cha kawaida, kwa hiyo hata kama ningeuziwa taa halali ya bei mbaya, bado ningekuwa namwangazia Mabati bure. Dirishani ni vivyo hivyo, wale mnaoweka tangi karibu na dirisha mkidhani mmemaliza kazi.

Hapo ndipo hasira ilinipunguka kidogo, kwa aibu. Makosa mengine yalikuwa yangu. Nilikuwa namlisha mchicha kwa wingi, kumbe mchicha una oksaleti zinazoishika kalsiamu isitumike. Sukuma wiki ingemfaa zaidi, pamoja na dagaa wazima wenye mifupa yao. Maji nilikuwa nabadilisha mgao ukiruhusu, na mtaani kwetu mgao una tabia zake, kwa hiyo Mabati alikuwa anaogelea kwenye choo chake mwenyewe. Beseni lake nililiosha kwenye sinki la jikoni, palepale panapooshwa mboga. Na ndiyo, mafuta ya kupikia nilimpaka. Siku mbili. Usiniulize. Daktari aliyafuta akisema yanafungia vijidudu ndani ya doa badala ya kuwatoa.

Kwa hiyo labda nyota moja ni ukali. Tuseme mbili, ya pili ni ya kijana.

Lakini ngoja. Huyo kijana alikuwapo siku niliponunua. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na kiwavu chake mkononi, akanisikia nikisema UVB, akamsikia mzee akisema jua ndani ya nyumba, akanyamaza. Najua, ni kibarua chake. Mimi pia nimewahi kunyamaza kazini. Ila kifuniko nacho walikiuza wao, pamoja na taa, kwa risiti moja! Aliyeuza taa ya "jua" akauza na kioo cha kulizuia. Tunarudi kwa moja.

Tiba ilikuwa hivi: mswaki laini kusugua doa taratibu, kisha dawa ya aidini ya hospitali iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya strungi isiyokolea, halafu akae pakavu saa kadhaa kabla ya kurudishwa majini kula, maana kobe wa maji hamezi vizuri nje ya maji. Kila siku, majuma kadhaa. Kalsiamu daktari alimpa kwa kipimo chake, akanionya nisijinunulie vitamini D nikammiminia, kwa sababu ikizidi nayo ni sumu.

Na jua. Taa halali tulikuja kuipata baadaye, na hata hiyo hubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kwa kuwa huendelea kuwaka wakati UVB yake imeshakwisha. Ila kwanza daktari alisema, mama, unaishi karibu na ikweta, mpandishe juu ya paa.

Tunaishi ghorofa ya nne. Ufunguo wa paa anao msimamizi wa ploti, ambaye hufungua kwa ajili ya nguo tu. Ilibidi nimbebe Mabati ndani ya beseni la nguo, nimfunike na leso. Siku ya tatu akagundua. Nikadhani tumekwisha. Akachuchumaa, akamtazama muda mrefu, akauliza kama anakula ugali. Tangu hapo ananifungulia saa nne asubuhi bila kuulizwa, na yeye ndiye hufukuza kunguru. Nusu ya beseni tunaiweka kivulini, kwa sababu kobe akikosa pa kujificha jua hilohilo humuua kwa joto. Mama wa mlango wa pili huanika shuka akimpa habari za mtaa. Shemeji alipomwona akajitolea kuniokotea mwingine kutoka Kitui, wa nchi kavu, wawe wawili. Nikamwambia aache, mnyama wa pori bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kesi.

Ukingo umekomaa sasa. Doa lilikauka, likabanduka, likaacha kovu kama sarafu ya shilingi moja. Bonyeza unavyotaka, halibonyei. Mwanangu humgonga kila jioni kuhakikisha.

Ile taa nilijaribu kuirudisha dukani siku moja. Mzee akasema kilichouzwa hakirudishwi, na akaongeza kwamba kobe wangu anaonekana mzima, shida ni nini? Kwa hiyo nikaipeleka Limuru kwa mama mkwe, ambako baridi haina huruma, akaitundika juu ya vifaranga. Hajapoteza hata mmoja. Anaisifu kila tukiongea kwa simu, na ameniuliza duka liko wapi anunue ya pili.

Nyota moja kwa kobe. Kwa vifaranga, inaniuma kusema, tano.