Nililipa shilingi 3,500 nikapewa chumvi isiyo na chumvi

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kumwona mtaalamu mara ya kwanza ni shilingi 3,500, dawa ikiwemo. Ukirudi ni 2,000. Wanapokea M-Pesa na risiti hutoa bila kuombwa. Kliniki yenyewe ni ya homeopathi, aina ya tiba mbadala, iko upande wa Parklands, Nairobi, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Jina silitaji. Watu waliomo mle walinitendea wema, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kile kichupa.

Mimi nauza juisi Pangani: ukwaju, ubuyu, miwa kwa tangawizi. Ni mzaliwa wa Mombasa, Nairobi nina miaka 19 sasa. Kipandauso ninacho tangu nilipojifungua kifungua mimba wangu. Kikinishika, upande wa kushoto wa kichwa hupwita, taa za magari hunichoma macho, na harufu ya tangawizi yangu mwenyewe hunitapisha. Mwezi wa nne, mvua za masika zikinyesha na biashara imelala, nilishikwa siku 9. Najua ni 9 kwa sababu kila siku ninayofunga kibanda kwa kichwa huizungushia duara kwenye daftari la mauzo.

Mteja wangu mmoja, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Ngara, ndiye aliyeniona nikimeza Panadol kama njugu. Akanihurumia. Akaniambia wanawe wote watatu wamelelewa kwa homeopathi tangu kuota meno, na hakuna aliyewahi kulazwa. Akanipa namba.

Nisifu kwanza panapostahili sifa. Nilipofika nilipewa maji ya uvuguvugu na kiti chenye mto. Nilingoja dakika 10. Mtaalamu ni mwanamama wa makamo, sauti ya chini, Kiswahili chake kimenyooka. Akafungua daftari akaniuliza mambo ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Napenda chumvi au sukari? Nalala ubavu gani? Jua linanifanya nini? Naota nini? Nikiwa na huzuni, napenda kuliwazwa au napenda niachwe? Nikamwambia niachwe. Akauliza tangu lini. Hapo ndipo nilipomtaja marehemu mume wangu. Nilipotoka eda, kesho yake asubuhi nilikuwa kibandani nakamua miwa, na tangu siku ile sikulia tena mbele ya mtu. Nikalia pale. Hakutazama saa. Nilikaa mle chumbani saa moja na dakika 20.

Linganisheni na hospitali niliyoizoea: foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, ukiingia ni dakika nne, daktari anaandika kabla hujamaliza kusema "kichwa". Simlaumu, nyuma yangu walikuwa watu 60. Lakini mtu akiniuliza kwa nini Wakenya wanakwenda kwa homeopathi, kwa maombi na kwa wauza mizizi, nitamwambia akahesabu zile dakika.

Kisha ikaja dawa. Kichupa kidogo cha kahawia, ndani punje nyeupe za sukari, ukubwa wa mtama. Kibandiko: Natrum muriaticum 30C. Masharti yalikuwa marefu kuliko dawa. Usiziguse kwa vidole, zimimine kwenye kifuniko kisha chini ya ulimi. Usile wala kunywa robo saa kabla na robo saa baadaye. Mnanaa marufuku, hata ule wa kwenye dawa ya meno. Kafuri isikaribie. Na kahawa uache kabisa.

Kahawa! Mtu wa Mombasa aambiwe aache kahawa. Mimi nilikuwa na vikombe vyangu vitatu kila siku, cha mwisho baada ya isha. Nikaacha, maana maumivu hayana heshima.

Siku ya pili na ya tatu kichwa kilinipasuka kuliko kawaida. Nikapiga simu. Nikaambiwa nisiogope, ni dawa imeanza kazi, ugonjwa huzidi kabla ya kutoka. Niliposikia hivyo nilifurahi, nikavumilia kitandani na kitambaa usoni.

Jumapili mpwa wangu akaja kula pilau. Anasomea famasia, yuko mwaka wa nne. Nikamweleza jinsi dawa inavyopigana na ugonjwa. Akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Mama mdogo, umeacha vikombe vitatu vya kahawa kwa siku moja. Hicho kichwa ni cha kahawa." Kumbe ni jambo linalojulikana kabisa: mwili uliozoea kahawa ukinyimwa ghafla huumwa kichwa siku kadhaa, kisha hutulia. Kikizidi, dawa inafanya kazi. Kikipungua, dawa imefanya kazi. Sasa ni lini ningeambiwa haifanyi?

Akachukua kichupa. "Unajua Natrum muriaticum ni nini?" Nikamwambia ni jina la mmea wa Ulaya. "Ni chumvi, mama mdogo. Chumvi ya kupikia." Hii hii ya Gongoni ninayotia kwenye mchuzi.

Nilidhani ananitania, akanieleza inavyotengenezwa. Hapo sikuhitaji chuo, kwa sababu kuzimua ndiyo kazi yangu. Wanachukua tone moja la maji ya chumvi, wanalitia kwenye matone 99 ya maji au spiriti, wanatikisa kwa nguvu. Hiyo ni C ya kwanza. Kutoka hapo wanachukua tone moja tu, matone 99 mapya, wanatikisa tena. Hiyo ya pili. Hivyo hivyo mpaka mara 30, kisha wanadondoshea punje za sukari. Mimi nikizimua ukwaju wangu hivyo mara moja tu, mteja atanirudishia gilasi. Mara mbili, ataniitia wenzake waje wanione. Kufika ya 12, uwezekano wa kubaki molekuli hata moja ya chumvi unakuwa umekwisha, na bado kuna safari 18 mbele. Ukidondosha tone katika Bahari ya Hindi yote, kutoka Lamu hadi Australia, ukakoroga vizuri, bado hujafika nusu ya safari ya 30C. Na wenyewe wanaamini kadiri unavyozimua ndivyo dawa inavyopata nguvu.

Watu wa homeopathi hujibu kwamba maji hukumbuka kilichowahi kutiwa ndani yake. Mwaka 1988 mwanasayansi Mfaransa, Jacques Benveniste, alichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonekana kuunga mkono jambo kama hilo. Jarida likatuma watu maabara kwake, jaribio likarudiwa bila wapimaji kujua chupa ipi ina nini, na matokeo yakayeyuka. Mimi najiuliza kitu kidogo tu: maji ya bomba letu yametoka bwawa la Ndakaini, yamepita kwenye samaki, matope na kutu ya mabomba ya Pangani. Yakumbuke chumvi ya mtaalamu, yasahau mengine yote?

Nisimwonee aliyeanzisha. Samuel Hahnemann alikuwa daktari Mjerumani, na enzi zake waganga wa Ulaya walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa bakuli na kuwanywesha zebaki. Aliyekupa maji matupu alikuwa amekuokoa. Lakini kilichonishangaza ni alipoanzia. Mwaka 1790, akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen, alijaribu mwenyewe gome la sinkona, lile la kwinini, akahisi dalili kama za homa ya malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Gome lilikuwa linaponya kweli, lakini kwa sababu nyingine: lina kwinini, ambayo Wafaransa wawili waliitenga mwaka 1820, na kwinini inaua vijidudu vya malaria. Shika hilo la malaria, narudi kwake.

Nilimbishia mpwa wangu, msidhani nilisalimu amri. Nikamwambia India wana wizara nzima tangu 2014 yenye homeopathi ndani yake, Wahindi wote ni wajinga? Na Uswisi, ambako bima ya msingi huilipia ikitolewa na daktari aliyehitimu? Akasema kupendwa na kupimwa ni vitu viwili. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliolinganisha majaribio 110 ya homeopathi na 110 ya dawa za kawaida. Wakitazama yale makubwa yaliyofanywa vizuri, homeopathi haikuonekana kuipita plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa. Australia mwaka 2015 walipitia tafiti 176, hawakuona ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kutegemewa. Uingereza mwaka 2017 wakawaambia madaktari wa huduma ya afya ya taifa waache kuiandika. Ufaransa, nchi inayoipenda sana, bima ya serikali iliacha kuilipia tarehe 1 Januari 2021. Pilau ilipoa.

Hata hivyo mwezi wa tano nilirudi kwa mtaalamu. Ndiyo, nilirudi. Daftari lilikuwa na duara 5 tu, kutoka 9, na nilikuwa na hamu ya kusikilizwa tena. Tukafurahi pamoja. Katika mazungumzo nikataja kwamba binti yangu anakwenda Homa Bay miezi mitatu kwa mazoezi ya ualimu. Akavuta droo, akatoa kichupa kingine. Kinga ya malaria, 1,200.

Nikahisi baridi mgongoni. Binti huyu amekulia Nairobi, mwili wake haujui malaria, anakwenda kando ya ziwa ambako mbu hawana msamaha. Nikauliza, na chandarua? Akasema alale ndani ya chandarua pia, lakini hizi zitauimarisha mwili. Lile "pia" lilinikaa kooni. Msichana wa miaka 21 akipata homa usiku huku anaamini amekingwa, atapimwa lini? Nilishukuru, nikasema nitafikiria, nikashuka zile ngazi za ghorofa tatu bila kugusa ukuta.

Kumbe si jambo geni. Mwaka 2006 waandishi wa BBC walijifanya wasafiri wanaokuja Afrika, wakazunguka kwa wataalamu wa homeopathi London, wakapewa vidonge kama hivyo badala ya dawa za kinga. Na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya waziwazi kwamba homeopathi isitumiwe kwa malaria, kifua kikuu, virusi vya ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga. Binti alikwenda na chandarua chenye dawa, na agizo langu moja: homa saa moja, zahanati saa mbili.

Ama kipandauso: mwezi wa sita duara 6, wa saba 8. Tulikuwa tumerudi pale pale. Mpwa wangu akanionyesha jambo nililokuwa nalo kwenye daftari bila kuliona. Mtu huenda kutafuta dawa akiwa kwenye mwezi mbaya kuliko yote, na baada ya mwezi mbaya kuliko yote kawaida hufuata ulio afadhali, umeze punje au umeze mate. Mwezi wa nane nikaenda kwa daktari mwingine, akaniandikia propranololi, kidonge cha kila siku cha kuzuia kipandauso, kahawa nikaruhusiwa kikombe kimoja asubuhi. Duara 4, kisha 3. Siapi kwamba ni kidonge, maana daftari la juisi si utafiti. Lakini hicho kimewekwa mizani mbele ya plasibo kikashinda, na ndani yake kuna kitu. Daktari alinipa dakika sita. Hakuniuliza naota nini.

Nyota zangu basi. Mapokezi 5. Kusikiliza 5, na zingekuwepo 6 ningetoa. Dawa ya kichwa 1, kwa sababu kichupa ni kizuri. Kinga ya malaria sifuri, na hapo ningependa kuwadai nyota za mapokezi zirudi.

Nusura nisahau. Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, miaka mitatu, alikipata kile kichupa akamaliza punje zote. Nilipiga yowe jirani wakaja. Nikampigia mpwa wangu. Swali lake la kwanza: kibandiko kinasemaje? Nikamsomea. "30C? Amekula sukari. Mpigishe mswaki." Kisha akaacha utani, akaniambia swali la kibandiko si la mzaha. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno, ikakuta baadhi vina beladona, ambayo ni sumu, kwa kiasi kinachopita mbali kilichoandikwa. Kisichozimuliwa sawasawa kinaweza kuwa na kitu kweli. Nikamfikiria yule mama wa Ngara na wanawe watatu. Bado sijapata namna ya kumwambia.

Mtoto alilala vizuri, akaamka akaomba zaidi.

Juzi kliniki wamenitumia ujumbe: "Mama, tumekukosa, kichwa kinaendeleaje?" Hospitali hazijawahi kuniuliza hivyo hata siku moja. Sijawajibu. Kichupa nimekiosha, nimekitia karafuu.