TAHADHARI: Swichi za drili zilizoandikwa 6A, ndani ni za taa ya kitandani

Mafundi, yule jamaa wa chini ya ngazi pale Kariakoo, mnayemjua kwa zile kaboni zake (brashi zinazopeleka umeme kwenye mota) za kusagika ndani ya wiki, sasa kahamia kwenye swichi za spidi. Swichi 3, moja 15,000, zote chali. Ya kwanza haikumaliza matundu mawili ya zege.

Na alivyouza sasa! Pakiti imefungwa vizuri, kibandiko kinang'aa. Akaichana mwenyewe mbele ya wateja, akaunga waya mbili kwenye balbu ya utambi ya wati 60, akabonyeza taratibu kwa kidole kimoja. Balbu ikaanza nyekundu ya makaa, ikapanda njano, ikawaka yote. Akaachia, ikazima. Akarudia. "Umeiona spidi hiyo, bosi?" Hela ikatoka. Nani asingetoa? Mgongoni imechapwa 6A 250V, matundu ya waya yako palepale pa swichi ya zamani, kiwiko cha kurudisha nyuma kipo, mkononi ni nzito.

Uzito wenyewe ni kipande cha bati nene kilichogandishwa ndani kwa gundi. Mtu kakaa chini, akakata bati, akapaka gundi, ili fundi aone kashika kitu.

Na ile balbu ndiyo mtego. Wati 60 kwa volti 230 ni ampia 0.26 tu. Drili ya wati 710 inavuta kama 3.1 ikiwa kazini, na pale inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Ndani ya hizi swichi kuna trayaki (kifaa kinachopunguza na kuongeza umeme unaokwenda kwenye mota) MAC97A6, kale kadogo kenye umbo la transista, kasikofika hata ampia 1, na mwisho wake ni volti 400. Kilele cha umeme wetu tayari ni 325. Kaboni zikitoa cheche mbili tatu, imekwisha. Panapotakiwa trayaki kubwa, BT136 au BTA08 ya volti 600, imekaa juu ya bamba la alumini, wameweka kitu cha kupunguzia mwanga.

Trayaki ya hivyo ikifa kwa kawaida inapiga shoti: ukigusa tu, drili inaruka spidi yote. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, kontakti zilishikana. Unaachia kidole, drili haizimi. Biti ya mm 12 ikiwa imebana kwenye nondo za linta, kifundo cha mkono unakiaga.

Kabla hamjaanza na "ulifunga vibaya": plagi ilichomolewa, picha ikapigwa kabla ya waya kuguswa. Waya zilitolewa kwa kuingiza pini ya mm 1 kwenye kijitundu cha pembeni, hazikukatwa. Zikamenywa mm 8, zikasokotwa. Kahawia kwenye L (moto), bluu kwenye N (nyutro), kapasita ya X2 ya mikrofaradi 0.22 ikavuka kati yao, waya za fildi (koili zisizozunguka za mota) na za kaboni zikarudi kila moja kwenye tundu lake. Kila moja ikavutwa kuona kama imeshika. Fildi zilipimwa, omu chache, na hakuna kinachovuja kwenda kwenye amecha, ile sehemu inayozunguka. Kaboni zilikuwa mm 9. Mota ni nzima, na kwa swichi kuukuu ya kuokota inapiga kazi mpaka leo.

Huyu mtu asifungiwe duka tu. Afungwe drili yenye swichi yake mkononi, apewe ukuta wa zege, abonyeze. Halafu arudishe hela za kila mtu, na zile kaboni pia. Mwizi wa mfukoni ana nafuu, yeye hakuachii kitu cha kukukata mkono.

Mkiwa dukani basi, kwa haraka. Beba mita, weka kwenye mlio. Swichi inayokata moto na nyutro, ukibonyeza nusu, nyutro inalia na moto unakaa kimya, maana trayaki haipitishi umeme wa mita. Moto ukilia tangu mguso wa kwanza, ni swichi ya kuwasha na kuzima tu. Ukibonyeza mpaka mwisho, nyingi zilizo nzuri zinalia pande zote. Hizi zake hazilii kabisa upande wa moto. Soma pia maandishi: 6(6)A ni sawa, namba ya kwenye mabano ndiyo ya mota. 6(2)A au 6A tupu, achana nayo. Balbu kataa. Mwambie afunge pasi ya wati 1000 iliyofunguliwa mpaka mwisho, abonyeze nusu kwa dakika 1. Akianza kutafuta sababu, ondoka.

Zile 3 ziko mezani, kava wazi, bati na gundi vinaonekana. Anayepeleka lalamiko Tume ya Ushindani azipitie, na risiti yake aje nayo.