Rangi ya mpira juu ya paa bapa, Lamu: baada ya masika mawili

Nianze na jibu la swali kama rangi ya mpira huzuia paa kuvuja, maana wengi ndilo wanalolitaka. Kwenye slabu ya zege, rangi hii imezuia maji masika mawili mfululizo. Kwenye paa la kale la chokaa na boriti nimeikwangua yote, na siirudii hata nikipewa bure. Ndoo zilikuwa za aina moja na fundi alikuwa yule yule. Kilichotofautiana ni kile kilicho chini ya rangi.

Ninayoizungumzia ni akriliki nzito, ile ikikauka huvutika kama mpira, huuzwa kwa ndoo za lita 20. Jina la kampuni naliacha. Ndoo moja ina uzito unaokaribia kilo 26, kwa hiyo punda mmoja kutoka gatini abebe mbili, moja kila upande, zilale sawa. Kagua vifuniko kabla hajaondoka, kwa kuwa kifuniko kilichofunguka kidogo safarini huingiza hewa na rangi hushika ngozi juu.

Slabu yangu ni mita za mraba 24. Kibandiko kiliahidi mita 30 kwa ndoo, lakini hesabu hiyo ni ya mpako mmoja mwembamba juu ya zege laini. Zege letu la mchanga mkavu na ukuta uliopigwa plasta kwa haraka hunywa zaidi. Zilikwenda lita 40 kamili: 7 mpako wa kwanza, uliochanganywa na maji sehemu moja kwa rangi sehemu tano ili izame; 17 wa pili, uliolaziwa kitambaa cha wavu wa nyuzi za kioo; 16 wa tatu. Kati ya mpako na mpako nilingoja siku nzima. Ukiona fundi anapaka mara mbili asubuhi na jioni akasema yatosha, hiyo ni rangi ya kupendezesha tu.

Wakati wake ni mwisho wa kaskazi, Februari mpaka kama katikati ya Machi, paa likiwa limekauka kwa miezi. Kusi ikishaingia na mawingu kuanza kujikusanya, umechelewa. Kupima kama zege limekauka ni rahisi: bandika karatasi ya nailoni ya mita moja kwa moja, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, iache saa 24. Ukikuta matone upande wa chini, ngoja tena. Zege jipya lisiguswe kabla ya siku 28.

Kazi yenyewe imo kwenye matayarisho, na hapa ndipo pesa hupotea. Kwangua ukoga wote kwa brashi ya waya, osha kwa maji yenye klorini, kisha suuza kwa maji matamu mara mbili. Chumvi ya upepo wa bahari ikibaki juu ya zege huvuta unyevu na kuibandua rangi. Nyufa zipanuliwe kwa tindo hadi sentimita moja, vumbi litolewe, zijazwe sili ya poliyurethani, yaani kizibo kinachovutika. Silikoni usiiguse kabisa, rangi haishiki juu yake. Pale slabu inapokutana na ukingo wa paa pasiachwe pembe kali: piga plasta ya saruji moja kwa mchanga tatu, iwe na mgongo wa mviringo wa sentimita 4 au 5, na rangi ipande ukutani sentimita 20. Karibu uvujaji wote niliouona kwenye mapaa ya slabu huanzia pembeni na kwenye midomo ya mabomba. Katikati ya paa ni mara chache.

Halafu mwaga ndoo ya maji juu ya paa, rudi baada ya saa moja. Kila kidimbwi kilichobaki kizungushie chaki. Akriliki haipendi maji yaliyosimama: yakikaa siku nyingi rangi hulainika na kuachana na zege, na hilo ndilo tatizo lake kubwa ambalo kibandiko huliandika kwa herufi ndogo. Vidimbwi nilivijaza kwa plasta hadi paa likapata mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa nje.

Saa ya kupaka nayo ina maana yake. Kipande kilichopakwa saa saba mchana kilitoa vipovu vya ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya zege la moto hupanuka na kusukuma rangi ikiwa bado mbichi. Vilikatwa kwa kisu na kupakwa upya. Anza saa tisa na nusu alasiri, slabu ikianza kupoa, umalize mapema ili rangi ipate kukauka juu kabla ya umande.

Sasa paa la kale. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, kama nyumba nyingi za mji wa kale. Paa hili hunywa maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa jua likitoka, na kuta zake nazo hufanya vivyo hivyo. Ukilivika mpira juu, unyevu uliopo ndani na ule unaopanda kutoka ukutani hukosa pa kutokea. Kufikia mwisho wa masika ya kwanza palikuwa na malengelenge makubwa kama sahani. Nilipochana moja, maji yalitoka, na chokaa ya chini ilikuwa laini kama unga uliolowa. Baya zaidi liko ndani: vichwa vya boriti vilivyomo ukutani ndivyo huoza kwanza. Vichome kwa bisibisi. Ikiingia bila nguvu, boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati yake inalia kavu ukiigonga.

Kwa paa la namna hiyo dawa ni chokaa ile ile. Chokaa iliyolowekwa ikalainika, sehemu moja kwa mchanga safi tatu (usiwe wa pwani, una chumvi), matabaka mawili membamba, kila moja ligongwe kwa kibao mpaka lishikane, kisha lifunikwe magunia mabichi kwa siku 7 au zaidi. Kila mwaka kabla ya masika, nyufa zizibwe na chokaa ya maji ipakwe. Ni kazi ya mkono na hurudiwa, lakini paa linapumua.

Na jambo la kupima kwa maji: kwenye slabu niliziba mlizamu nikajaza maji sentimita 5 kwa saa 24, ikapita. Msifanye hivyo juu ya boriti. Sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, yaani zaidi ya tani moja kwa paa kama langu.

Mlizamu utokeze nje ya ukuta sentimita 30 hivi, la sivyo maji hurudi kwenye plasta yakateremka. Weka kikapu cha waya mdomoni; kunguru huleta vijiti kila mara. Kwa wanaovuna maji: mvua ya milimita 10 juu ya mita 24 ni lita 240, ila mvua za mwanzo baada ya kupaka zimwagwe, zisiingie birikani.

Mvua ya kusi huja kwa mshazari, na madirisha ya upande huo hayasaidiwi na rangi yoyote ya paa. Kipupwe kikifika, rangi nyeupe hushika ukoga wa kijani. Fagio laini na klorini nyepesi vinatosha. Brashi ya waya itaichana.

Rangi ya ziada ifunikwe vizuri, iwekwe kivulini kwa ajili ya viraka. Ikishika ngozi, itoe ngozi, chuja iliyobaki kwa kipande cha chandarua kikuukuu, ikoroge, inapakika.