Printa ya sablimesheni kwenye vumbi la Dodoma: L3250 au SC-F100?

Wadau, karibuni tena. Leo sitawachosha na utangulizi, kuna kitu hapa mezani kinanikera na nataka mkione kwa macho yenu. Tangu msimu wa bajeti bungeni mmekuwa mkiniuliza swali lile lile: kaka, nataka kuanza kuchapa fulana na vikombe hapa Dodoma, ninunue printa gani ya sablimesheni, ile ya kuchapa picha kwenye karatasi kisha kuihamishia kwenye fulana au kikombe kwa moto? Haya. Hii mbele yangu ni Epson L3250, ile ya matangi ambayo wengi wenu mnatolea kopi, ila kwa kazi hii unaitia wino wa sablimesheni badala ya ule wa kawaida. Hii ya pembeni ni Epson SC-F100, nimeazimwa na mdau wa Area C, asante sana dada. Kasi, waifai, skana, yote yameandikwa kwenye boksi. Nayaruka.

Wale wa Canon na HP za nyumbani, nawajibu haraka. Zile hurusha wino kwa kuuchemsha ndani ya hedi, yaani kile kichwa cha kuchapia. Wino wa sablimesheni kazi yake ni kugeuka mvuke ukikutana na moto, na moto huo tunautaka kwenye mashine ya presi, ile ya kubania fulana na vikombe, siyo ndani ya printa. Epson husukuma wino kwa umeme, bila kuuchemsha. Ndiyo maana watu wa kazi hii tunazing'ang'ania. Brother nazo zinasukuma hivyo hivyo, ila leo sina hata moja hapa.

Sasa kinachonikera. Dogo, leta kamera huku juu. Sogea. Mnaona hapa nyuma? Karatasi inaingilia hapa, mdomo umeangalia dari. Printa nyingi za bei hii ziko hivyo, siyo hii peke yake. Kwa mtu wa Tanga labda siyo tatizo. Sisi hapa kuanzia Mei mpaka karibu Desemba hatuoni mvua, upepo unavuma mchana kutwa, na fremu nyingi ziko kando ya barabara ya vumbi. Asubuhi nimeupangusa huu mdomo kwa tishu mpaka ukawa safi. Sasa napitisha tishu nyingine... haya, tazameni rangi hiyo. Nyekundu kabisa, udongo wa Dodoma huo. Na hii ni siku moja tu, mlango umefungwa nusu.

Vumbi hilo linaenda wapi? Linapanda juu ya karatasi na kupita nayo chini ya hedi. Hedi ya L3250 ina matundu 180 ya kutolea wino wa nyeusi, na kila rangi nyingine ina 59. Yakiziba machache kwenye 59, kazi yako inaonyesha. Ongeza na hewa yetu kavu inayokausha wino kwenye matundu ukiiacha printa imelala.

Ngoja niwaonyeshe. Naingia kwenye kompyuta, sehemu ya matengenezo ya printa, nachapisha ukurasa wa kukagua matundu. Inatoka... hiyo hapo. Nyeusi ngazi zimekamilika. Bluu safi. Njano, ngoja niinamishe kwenye mwanga maana njano inadanganya macho, ipo. Sasa pinki. Dogo, karibu zaidi. Mnaona mistari imekatika hapa na hapa? Hiki kipande kidogo ndicho kinachoharibu sura ya bibi harusi kwenye kikombe, pinki ikipungua ngozi inatoka na ukijani. Na huwezi kuliona mapema, kwa sababu rangi za sablimesheni zikiwa bado kwenye karatasi zimepauka zote. Utalijua ukishabana kikombe, na kikombe hakifutiki.

Kwa hiyo ukurasa huu ni wa kila asubuhi, kabla ya kazi ya mteja. Ukiona mistari imekatika, safisha hedi kisha kagua tena. Ukirudia mara tatu bado iko vile, acha. Zima kwa kitufe, iache saa 12 au zaidi, ndiyo uendelee. Kuna watu wanabonyeza kusafisha mfululizo kwa hasira. Kila ukisafisha wino unamwagika kwenye pedi ya ndani, ile inayonyonya wino wa kutupa, na pedi ikijaa printa inagoma. Wino umekwisha, na pedi nayo umeimaliza.

Usiku toa karatasi zote, zirudishe kwenye mfuko wake na uufunge, printa uifunike. Usifunikie kanga wala taulo, nyuzi zake zinaingia humo humo. Nailoni nene inatosha.

Sasa tazameni huyu wa pili. Karatasi zinakaa kwenye droo, huku mbele chini, karatasi 150, zimefunikwa. Navuta... napitisha tishu ndani... mnaona wenyewe, safi. Na imetoka kiwandani kwa ajili ya sablimesheni, wino wake unakuja kwenye chupa za mililita 140, waranti yake inaitambua kazi hii. L3250 ukiitia wino wa sablimesheni, ikiharibika kwa sababu ya huo wino, waranti haikuhusu.

Tatizo bei. Hii ni zaidi ya mara mbili ya L3250, na wino wake haupo kila duka. Nilipowasha kamera nilitaka kuwaambia moja kwa moja chukueni L3250. Bado nasema hivyo kwa anayeanza na mtaji mdogo. Ila wewe mwenye fremu kando ya vumbi, na una oda za kila wiki za maofisi ya Mtumba au mahafali ya UDOM, hii droo inanivuta upande wake kabisa. Printa za Sawgrass nazo nzuri, mnaniuliza sana, lakini umefungwa na wino wao wenyewe, na ukikuishia katikati ya oda ndiyo umekwama.

Na zote mbili ni A4. Mnaotaka jezi za timu za mtaani, jina na namba mgongoni, A4 itawatesa. Angalieni L1300 au L18050, zinafika A3 na kidogo juu yake. L18050 naisubiri kutoka Kariakoo, ikipanda SGR tu naifungulia boksi hapa hapa mbele yenu. Kwa hiyo sabskraibu, video hiyo sitaki ikupite.

Umeme. Usizime printa kwenye ekstensheni, tumia kitufe chake, ndipo hedi inarudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi tu iwashe, kisha izime kwa kitufe. Ukinunua UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, iwe ya printa peke yake. Usichomeke mashine ya presi hapo, inakula umeme mwingi mno.

Na wale wa fulana za pamba, jamani, haishiki. Utabana kwa joto la nyuzi 200 dakika nzima, itapendeza, wakiifua mara mbili tatu imefutika. Poliesta, nyeupe au rangi ya mwanga, maana printa hizi hazina wino mweupe. Vikombe navyo viwe vile vilivyopakwa dawa ya sablimesheni.

La mwisho, wanaonunua iliyotumika. Kama matangi yalishatiwa wino wa kawaida, achana nayo, wino hizo hazichanganywi. Kama muuzaji anasema ilikuwa ya sablimesheni, usitoe pesa kabla hajakuchapishia ukurasa wa matundu mbele yako. Beba karatasi zako kwenye begi, asije akakwambia zimeisha, na hiyo njano uikague nje kwenye jua.