Nimeliamsha lori la jeshi lililolala tangu 2006: uzoefu wangu na M35A2

Nianze na swali ninaloulizwa kila siku, kama lori hili linawaka kweli: ndiyo, linawaka. Unabonyeza kitufe, asubuhi ya baridi linakohoa mara tatu nne, kisha linatulia. Na ndiyo, ningelinunua tena. Ila nisingeliwasha tena vile nilivyoliwasha mara ya kwanza, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Mimi ni dereva wa mizigo hapa Texas, mwaka wa tisa sasa. Wiki nzima niko kwenye lori la Freightliner linalojibadilishia gia lenyewe, kiti cha hewa, usukani unauzungusha kwa kidole kimoja. Nilitamani gari lisilonibembeleza. Mwezi wa pili mwaka jana nikapata habari za mama mmoja mjane, nje kidogo ya Fort Worth, anayeuza lori la marehemu mumewe. M35A2, tairi kumi, lile Wamarekani wanaloliita tani mbili na nusu. Rangi nyekundu imepauka, na pale ilipochubuka unaona kijani cha jeshi chini yake, kwa sababu lilipotoka jeshini lilichukuliwa na zimamoto wa kujitolea wa kijijini, kama yalivyofanywa mengi ya aina hii huku. Mzee alilinunua kutoka kwao, akalipaki chini ya mwaloni mwaka 2006, na pale likabaki. Dola 2,800. Sikupunguziwa hata senti, na kwa jinsi yule mama alivyokuwa analiangalia, niliona haya kuendelea kuomba.

Kwa asiyeyajua: magari ya ukoo huu yalianza kutengenezwa na REO ya Lansing, Michigan, mwaka 1950, na yakabeba mizigo mingi ya vita ya Vietnam. La kwangu ni la 1971, bati la dashibodi linasema AM General, kampuni nyingine iliyokuja kuyatengeneza. Injini ni silinda 6, lita 7.8, ina turbo, na iliundwa itumie karibu kila kinachowaka: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli ikibidi. Nguvu za farasi ni 130 na ushei tu, kwa gari la karibu tani 6 likiwa tupu. Halina ufunguo. Unageuza swichi, unabonyeza kitufe cha stata. Kulizima unavuta mpini ulio kwenye dashibodi, waya unakwenda mpaka kwenye pampu na kukata mafuta. Ukumbuke huo mpini.

Kulisafirisha mpaka nyumbani ilikuwa dola 450, na aliyelibeba alilifunga kwa minyororo miwili tu mpaka nikagoma kuondoka. Hayo tuyaache.

Usiku ule nikampigia mjomba wangu Mbeya. Ana miaka 70 na kitu, ametengeneza malori ya njia ya Zambia tangu ujana wake, enzi za Fiat na Leyland.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nionyeshe hilo lidude."

Nikazungusha simu. Akanyamaza kidogo.

"Umeshaizungusha injini kwa mkono?"

"Bado."

"Usiguse stata mpaka uizungushe kwa mkono. Na pampu uifungue uitazame kabla ya chochote. Halafu siku ya kuwasha uwe na ubao."

"Ubao wa nini tena mjomba?"

"Wa kuliziba pua. Dizeli ikikataa kuzima utaibembeleza na nini?"

Nilicheka. Ya kwanza nilitii, ya pili nikaidharau, ya tatu nikaifanya kwa kumridhisha mzee. Matokeo yakaja kwa mpangilio huohuo.

Ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Nikatoa nozeli zote 6, zile zinazonyunyizia mafuta kwenye silinda, nikamimina mafuta mepesi kwenye kila silinda, nikaacha siku nne. Nikaingiza boksi spana kwenye nati ya puli ya mbele, nikachomeka bomba la mita nzima kurefusha mkono, nikavuta. Kwanza hakuna kitu. Halafu ikasogea kama mlango wa stoo ya zamani, sentimita mbili, tatu, na mafuta meusi yakaanza kutoka kwenye matundu ya nozeli. Raundi mbili kamili na hakuna kilichokwama. Nikajiona fundi mkuu.

Hapo ndipo kiherehere kikanipanda. Dizeli ya kwenye tangi ilikuwa imegeuka, ina harufu kama vanishi na inanata vidoleni. Niliimwaga, nikasafisha tangi, nikabadilisha filta, nikatoa hewa kwenye mabomba. Pampu ndogo ya umeme iliyomo ndani ya tangi ilianza kuunguruma mara nilipogeuza swichi, baada ya miaka yote hiyo! Nikafunga betri mbili mpya, volti 12 kila moja, zimeungwa zitoe 24. Pampu kubwa, ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli, sikuifungua. Nilijiambia kama ya kwenye tangi ni nzima, kubwa haiwezi kuwa mbovu. Nikabonyeza stata. Injini ikazunguka mara mbili, na katikati ya kelele zote zile nikasikia *tak*, kidogo tu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Sasa nieleze kilichovunjika, maana kila anayenunua gari hili lililolala muda mrefu yuko hatua moja tu kutoka hapo. Pampu ni American Bosch, na tofauti na nyingi tulizozoea, ina pistoni moja tu ndani inayogawia silinda zote 6. Kemu inaisukuma juu, springi inairudisha chini. Dizeli ikikauka miaka 18, inageuka gundi na pistoni inaganda juu. Ukipiga stata, kitako kinachoshikilia chini ya pistoni kinang'oka. Ningeifungua ile pampu na kuiloweka siku mbili, pengine ingeachia yenyewe. Kitako chenyewe kinalingana na kifungo cha koti.

Kifungo kile kilinigharimu dola 1,150 na wiki tano. Karakana niliyowapelekea pampu, jina nalihifadhi, waliniambia siku kumi. Wiki ya pili hawapokei simu. Wiki ya tatu anapokea kijana anayeniuliza "pampu gani?" Ila haki yao niwape: ilivyorudi ilikuwa safi kama imetoka kiwandani, ina karatasi ya vipimo, haikuvuja wakati ule na haivuji leo. Ningewapelekea tena. Ila ningewasimamia kama fundi cherehani wiki ya Idi.

Siku ya kuwasha ikafika mwezi wa sita, jua la kuchoma. Alikuwepo rafiki yangu wa Eldoret, dereva mwenzangu, kaja na kiti chake cha kukunja na soda, kama anakuja kutazama mpira. Chombo cha filta ya hewa nilikuwa nimekiondoa pale ubavuni mwa gari upande wa abiria, kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga ndani udongo wa kujaza ndoo nusu. Kwa hiyo bomba la kuingizia hewa lilikuwa wazi. Nikampa ubao, kipande cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 30.

"Huu ni wa nini?"

"Nikipiga kelele, ziba hapo. Usiweke mkono, utafyonzwa."

"Mimi nimekuja kutazama, si kufanya kazi. Si uwashe tu tuone?"

Nikavuta mpini wa kuzimia, nikazungusha injini bila mafuta mpaka sindano ya presha ya oili ikapanda. Nikarudisha mpini. Nikavuta kidogo waya wa mafuta ya mkono, ule unaoongeza mwendo wa injini bila kukanyaga pedali, ili lisilale. Nikabonyeza. Moshi mweupe, kikohozi, kikohozi tena, halafu silinda moja ikashika, tatu, zote, na turbo ikaanza kupiga ule mluzi wake. Rafiki yangu akasimama. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu humo ndani kama mwehu.

Kisha mlio ukaanza kupanda. 1,000. 1,500. 2,000. Nikasukuma waya wa mafuta ya mkono, haurudi. Kutu ilikuwa imeukaba ulipo. Sindano ikagonga mizunguko 2,600 kwa dakika, ambapo gavana, kidhibiti mwendo cha injini, ndipo inapokomea. Injini ambayo haijawaka tangu 2006, oili haijapata hata joto, inanguruma kwa mwendo wake wa juu kabisa. Nikavuta mpini wa kuzima. Ukaja wote mkononi na waya wake nyuma, kama kamba ya kiatu. Skrubu inayobana waya ule kwenye pampu nilikuwa nimeishika kwa vidole siku ya kuifunga pampu, nikisema nitarudi na bisibisi.

Nilipiga kelele, sijui hata nilisema nini. Nikasikia *pwa!* upande wa abiria, ubao umefyonzwa na kunata, injini ikashuka, ikazubaa, ikatetemeka gari zima, ikafa. Kimya. Buza ya presha ya hewa ndiyo iliyobaki inalia. Nilipotoka nje rafiki yangu alikuwa bado ameushikilia ubao kwa mikono miwili, kichwa amekigeuzia pembeni, soda imemwagika kwenye suruali. Hatukusema kitu kwa muda.

Ule ubao sasa una kamba na unaning'inia ndani ya gari, nyuma ya kiti.

Breki. Hapa nitasema waziwazi kwamba ndiyo kasoro kubwa ya gari hili, na si ya uzee, ni ya ubunifu. Hewa inasaidia kusukuma, lakini mafuta ya breki yana njia moja kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka popote, huna breki kabisa, umebaki na breki ya mkono inayobana shafti. Kwa hiyo sikutengeneza iliyovuja tu. Nilibadilisha masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, wiili silinda zote 6 za magurudumuni, na mipira yote, dola 690. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa ya zambarau, yale ya silikoni ambayo jeshi la Marekani lilihamia miaka ya 1980. Hayapatani na ya kawaida. Usijazie ya kawaida juu yake. Chagua moja, na ukibadilisha, safisha mfumo mzima.

Na kabla hujaanza kurukia spana: nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Kinyume! Saa nzima nilikuwa nasimama juu ya bomba la spana na kilo zangu 94, naikaza nati niliyodhani naifungua, mpaka nikakata stadi moja, yaani boliti ya gurudumu. Herufi L imegongwa kwenye kila stadi, kubwa tu, chini ya tope.

Kuliendesha ni raha ya ajabu kwa dakika arobaini za kwanza. Usukani hauna msaada wowote, kwa hiyo kona ya barabarani ni kazi ya mabega na kona ya maegesho ni kazi ya mwili mzima. Kiyoyozi ni kusukuma kioo cha mbele nje, kinafunguka kama dirisha la jikoni. Kilomita 80 kwa saa ni mwendo wake mzuri, zaidi ya hapo mnaanza kupigizana kelele. Kwa lita moja napata kilomita 4 hivi. Mke wangu amepanda mara moja, akateremka akasema ananipenda lakini atarudi kwa Toyota. Watoto wanataka liwapeleke shule.

Jumla mpaka leo: gari 2,800, usafiri 450, betri 380, pampu 1,150, breki 690, na oili, filta na mipira ya maji 310. Ni dola 5,780, na tairi bado ni zilezile zenye nyufa. Zinashika hewa, lakini siziamini kwenye barabara kuu, na kwa sababu rimu zake ni za pete ya chuma inayoshikilia tairi, hazitajazwa upepo na mimi nyumbani. Pete ile ikichomoka na hewa ndani, inaua. Zitaenda kwa mwenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo.

Nyota 4 kwa gari. Moja nimeipunguza kwa breki. Kama hujawahi kushika spana, au unategemea likufikishe kazini Jumatatu, usilinunue. Kama una nafasi, una uvumilivu, na una mtu wa kumpigia simu, tafuta lililosimama kwenye kivuli.

Wiki iliyopita nilimpigia mjomba kwa video likiwa linanguruma, kwa sababu lina kigugumizi kidogo likiwa limetulia. Akaweka simu sikioni, akasikiliza kama daktari. "Silinda ya pili," akasema. "Nozeli." Nikalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine nikisikiliza mlio. Nilipolegeza ya pili, injini iliyumba, maana yake ile ilikuwa nzima. Nilipofika ya tano, mlio haukubadilika hata kidogo.

Nozeli ya tano nimeshabadilisha. Mjomba bado anajua ni ya pili.