Vasi za buluu na nyeupe: kikonyo kisichofika kwenye ua

Niliagiza jozi ya vasi za kauri, nyeupe zenye nakshi za buluu za mtindo wa Kichina, kwa sababu ya maneno matatu tu kwenye maelezo: "zimechorwa kwa mkono". Zimefika salama, zimefungwa hadi nikahangaika robo saa kuzifungua. Ukizitazama kwa mbali zinapendeza kweli. Weupe wake una ubuluu kwa mbali, na ukigonga ukingo kwa kucha zinalia kama kengele.

Basi nikazizungusha. Nyuma, kikonyo cha yungiyungi kinapanda vizuri, mara kinakatika na kuendelea pembeni, juu kidogo, kama shati lililofungwa vifungo kombo. Hapo ndipo karatasi ya nakshi, iliyochapwa na kubandikwa kuzunguka vasi, ilipokutana ncha kwa ncha. Nikachukua kioo cha kukuzia: buluu ya maua ni vitone vitupu, na mistari yote ina unene uleule. Brashi haifanyi hivyo. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri nchini China ambako kazi hii imeshamiri tangu karne ya 14, huchora kwa rangi ya kobalti juu ya udongo mkavu, ndipo wapake ule utando wa kioo na kukiingiza chombo tanurini, kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi. Udongo mkavu unafyonza. Mkono ukisita tu, rangi inajaa pale na kuwa nzito. Kwenye vasi zangu hakuna mkono uliosita popote.

Nilipomuuliza muuzaji, akajibu kuwa mchirizi wa shingoni umechorwa kwa mkono. Nilicheka. Ni kweli, umeyumba.

Chini kuna herufi sita zinazotaja enzi ya Qianlong, mfalme wa China aliyetawala 1735 hadi 1796. Hilo halikuniudhi, Wachina wenyewe tangu zamani huandika majina ya wafalme waliopita kwenye vyombo vipya. Ila mtu asikuuzie kwa bei ya vitu vya kale.

Maji hazivuji, nimeziacha usiku kucha juu ya gazeti. Mdomo ni mwembamba, mkono hauingii, kwa hiyo naosha kwa kutikisa chumvi ya mawe na maji ya uvuguvugu. Kitako hakina utando na kinakwaruza meza, nimebandika kitambaa.

Nyota tatu. Wangeandika "nakshi ya kubandika" ningewapa nne, na bado ningezinunua. Sasa zimekaa rafuni, mgongo ukutani.